Kwa afisa mpya wa probesheni jijini: anza na anayeshika daftari

Umeripoti kazini Jumatatu, umekabidhiwa meza na rundo la faili, na kesho asubuhi unangojewa katika korti ya Makadara, Kibera au Milimani. Nimefanya kazi ya probesheni Nairobi kwa miaka mingi, na maafisa wapya wengi niliowapokea walianza na kosa nililoanza nalo mimi: kudhani kwamba kazi yetu iko kortini. Kortini unasimama dakika chache tu. Amri ya huduma kwa jamii, yaani mtu kufanya kazi ya umma badala ya kufungwa, hufaulu au hufa kule inakotekelezwa, mikononi mwa mtu ambaye si mwajiriwa wa idara yetu wala hatumlipi chochote: mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati, karani wa chifu. Yeye ndiye anayeshika daftari la mahudhurio.

Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii isome mwenyewe, si ndefu. Ilipitishwa 1998, wakati magereza yalikuwa yamefurika watu wa vifungo vifupi. Inamhusu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, au ambalo korti imeona miaka 3 au pungufu inamtosha. Kazi ni ya umma, haina malipo, na muda wake haupiti muda ambao angefungwa. Juu kuna kamati ya taifa inayoongozwa na jaji wa Mahakama Kuu. Huku chini ni wewe na ripoti yako, maana amri haitoki kabla afisa hajachunguza na kuripoti, na aliyetiwa hatiani mwenyewe hajakubali.

Hapo pa kukubali usipapite mbio. Kwa makosa madogo, kama uchuuzi bila leseni, pombe haramu au fujo barabarani, mara nyingi korti hutaka ripoti siku hiyo hiyo. Unamhoji mtu aliyelala seli, hajala, na ambaye yuko tayari kuitikia lolote mradi atoke. Muulize anaamka saa ngapi na anatafuta riziki wapi. Kibarua wa mjengo akikosa kuwa langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku hiyo imemwendea bure. Mama wa mboga anauza jioni, kwa hiyo asubuhi yake iko wazi baada ya kurudi kutoka sokoni. Ukipanga saa bila kuuliza, utakuwa umemwandikia kuvunja amri kabla hajaianza.

Mwaka wangu wa kwanza niliwapanga watu 12 katika shule moja ya msingi mashariki mwa jiji. Shule yenyewe sikuwa nimeiona. Nilimpigia simu mwalimu mkuu, akasema watu waje, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba nafasi ipo. Wiki ya tatu nikaenda. Niliwakuta wanne, na fyekeo moja. Mmoja alikuwa akifyeka karibu na ua, watatu wameketi chini ya mti wakingoja zamu. Nikaomba daftari. Siku kumi na nne zilikuwa zimetiwa saini kwa wino ule ule wa buluu, mwandiko umelala upande mmoja kutoka juu hadi chini, na safu ya Jumapili imejazwa pia. Jumapili lango la shule ile lilikuwa likifungwa kwa kufuli.

Nilikuwa na hasira, lakini mwalimu hakujificha. "Afisa," akaniambia, "uliniletea watu, hukuniletea kazi. Ningewafukuza, wangefungwa kwa sababu yangu." Alikuwa amesema kweli tupu. Ilibidi nirudi kwa hakimu na kueleza kwamba saa zile hazikufanyika, na kwamba nafasi niliyoithibitisha kwa maandishi haikuwapo.

Tangu hapo siandiki jina la mahali ambapo miguu yangu haijafika. Nikifika nahesabu majembe, mafyekeo, toroli na glavu, kisha nauliza kazi gani ipo ya miezi miwili, si ya siku mbili. Nauliza pia nani atatia saini mwalimu mkuu akiwa mkutanoni, na huyo namtaka uso kwa uso. Daftari nalipitia bila taarifa, na kila ukurasa niliouona natia jina langu na tarehe. Ukifanya hivyo mara mbili tu, hakuna atakayejaza Jumapili.

Kazi yenyewe haikosi jijini ukiitafuta. Kabla ya masika kuna mitaro iliyoziba kwa plastiki na udongo, na baada ya mafuriko ya Aprili 2024 hakuna mkazi wa Mathare unayehitaji kumweleza maana ya mtaro uliozibuliwa. Sheria inataja barabara, upandaji miti, maji, ukarabati wa shule na hospitali za umma, vituo vya watoto yatima. Inataja pia huduma za ujuzi, na hapo ndipo wengi wetu tunalala. Niliwahi kupata kijana wa jua kali, fundi wa kuchomelea vyuma, na korti ilikuwa ikitarajia afagie zahanati. Nikamuuliza mwalimu wa shule jirani kama ana madawati mabovu. Alikuwa na chumba kizima, yamepangwa hadi darini, miguu ikining'inia. Kijana alikuja na mashine yake, shule ikatoa vyuma na umeme. Alipomaliza saa zake alikuwa bado na madawati sita, akarudi Jumamosi akayamaliza, na siku hiyo hakuna daftari lililomdai.

Mahali pa kumpeleka mtu, fikiria pia macho yatakayomwona. Mama mmoja aliyeshtakiwa kwa chang'aa nilimpanga shuleni karibu na kwake ili asitumie nauli. Niliona nimemsaidia. Siku ya pili akanijia ofisini na leso imefunika uso hadi machoni. "Mwanangu, pale anasoma kitinda mimba wangu. Nifunge tu." Nikamhamishia zahanati ya mtaa wa pili siku hiyo hiyo, na hakukosa hata siku moja. Swali la watoto wanasoma wapi sasa liko kwenye fomu yangu, nimeliongeza kwa kalamu.

Sasa, maafisa wetu wa kujitolea. Hawa ni wakazi wa mtaa, hawana mshahara, na bila wao huko Mukuru utazunguka hadi jua lizame, kwa sababu anwani ya mtu ni "nyumba ya tatu ukipita kioski cha maji, mlango wa kijani". Wanajua nani amehama usiku na nani amelazwa. Wape heshima yao: wajulishe mapema, nauli yao iidai mapema kwa mkubwa wako, na ripoti yao ikikusaidia waambie. Lakini usimpe wa kujitolea faili lote asome, na usimtume kumwangalia mpangaji wake, mdeni wake au jamaa yake. Muulize kwanza wanajuana vipi. Usimtume peke yake kwa aliyekosewa. Hilo ni lako.

Mtu akipotea siku tatu, usikimbilie kuripoti kwamba amevunja amri. Tafuta sababu kwanza. Korti inaweza kumwonya, kubadilisha amri au kuifuta na kumpa adhabu nyingine, na uamuzi huo utategemea uliyoyakuta mlangoni kwake. Ukimkuta anauguza mtoto, andika. Ukimkuta amelewa na amekutukana, andika vilevile, bila kumpunguzia wala kumwongezea.

Mwisho wa amri pia una kazi yake. Saa zikitimia, watu wetu huondoka tu, nasi hufunga faili na kusahau. Kijana mmoja alinirudia baada ya miaka miwili. Alikuwa ameulizwa habari za kesi ile alipokuwa akitafuta kazi ya ulinzi, naye hakuwa na kitu cha kuonyesha. Tulipekua kabati nusu siku. Kwa hiyo mwandikie barua fupi: namba ya kesi, saa alizofanya, mahali na tarehe aliyomaliza, muhuri juu yake. Nakala moja ibaki ndani ya faili, nyingine mpe mkononi kabla hajatoka mlangoni.