Kipa wako akiwa ndiye nguzo yako ya kikapu

Mwezi wa tano, mwaka wangu wa tatu kama mwalimu wa michezo, nilijikuta nimesimama katikati ya viwanja viwili, filimbi shingoni, na mtoto mmoja anatakiwa pande zote. Upande wa soka refa ameshaita manahodha kurusha shilingi. Upande wa kikapu mwamuzi ananyoosha vidole viwili: bado dakika mbili. Mtoto mwenyewe kavaa jezi ya kipa juu, bukta ya kikapu chini, kanikodolea macho.

"Mwalimu, naenda wapi?"

Nikamwambia aende golini. Kwenye kikapu tukaingiza kijana wa akiba ambaye hajawahi kucheza hata dakika moja, na tulichofanywa pale sitaki kukikumbuka. Golini nako, jana yake mpira wa kikapu ulimgonga ncha ya kidole cha kati, kikavimba, na hakumwambia mtu. Zikiwa zimebaki dakika chache ikaja krosi nyepesi kabisa, ya kudaka huku unapiga miayo, ikamponyoka. Kabla ya saa saba mchana tulikuwa tumetolewa kote kuwili na tunasubiri Kosta ya kuturudisha.

Naandika haya kwa mwalimu ambaye Januari amekabidhiwa michezo kwa sababu ni mgeni, au ni kijana, au hakuwepo kikaoni siku ya kugawana majukumu. Mimi nilikuwa huyo wa mwisho. Nilikuwa nimeenda benki.

Shule yetu ni ya kutwa, nje kidogo ya mji wa Morogoro, na tuna uwanja wa soka wenye mteremko na kiwanja kimoja cha kikapu cha saruji. Kwenye shule kama hii, timu mbili ni timu moja iliyovaa jezi mbili. Watoto wenye miili na moyo wa kucheza ni wale wale. Kijana mrefu wa kidato cha tatu, nimwite Mlingoti, anakuwa kipa kwa sababu mikono yake inafika kwenye mtambaa panya, na anakuwa mtu wa chini ya ringi kwa sababu hiyo hiyo. Winga mwenye kasi ndiye anayekupandishia mpira kwenye kikapu. Mazoezini huoni tatizo, maana unapanga siku tofauti. Tatizo linakungoja wilayani, ambako michezo yote ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inachezwa ndani ya siku chache, viwanja jirani, na ratiba inabandikwa ukutani saa moja asubuhi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio ulionifanya niandike: kabla Februari haijaisha, kila mchezaji awe na timu yake moja iliyoandikwa. Mazoezi acheze yote, hakuna ubaya. Lakini kwenye fomu, ile yenye picha na muhuri wa mkuu wa shule, aingie mchezo mmoja. Usinijibu kwamba watoto hawatoshi. Soka unahitaji kumi na mmoja na wa akiba kadhaa, kikapu watano ndani na wa akiba hadi saba. Ukiandika vizuri ni watoto wasiozidi thelathini, na shule yenye mikondo mitatu haikosi thelathini. Unachokosa ni thelathini uliokwisha kuwazoesha, kwa sababu tangu Januari umekuwa ukiwatumia wale wale kumi na wanne.

Na ukishaamua kugawa, muulize mtoto. Hapa ndipo nilipokosea zaidi ya yote. Mlingoti nilimweka golini miaka miwili bila kumwuliza. Kwangu soka ndiyo ilikuwa mchezo na kikapu kilikuwa nyongeza, kama kachumbari. Mkuu wa shule akiuliza "tumefanyaje?" anauliza soka. Wazazi wakija uwanjani wanakuja soka. Siku nilipomwuliza, tukiwa tumeketi kwenye ndoo za rangi nyuma ya stoo, hakufikiri hata kidogo. "Kikapu, mwalimu." Nikauliza kwa nini hakusema siku zote. Akasema, "Hukuniuliza, mwalimu." Basi. Hata jina la Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA mwaka 2009, alikuwa ameliandika kwa kalamu ndani ya jalada la daftari lake la jiografia, na mimi ndiye niliyekuwa nasahihisha daftari hilo.

Nikirudi kwenye msimu wenyewe. Watu wanapanga kana kwamba hakuna mvua. Masika yakianza huku kwetu, Machi hadi Mei, uwanja wa soka unakuwa jaruba. Mwaka wa kwanza nilipoteza karibu mwezi mzima nikingoja ukauke. Saruji inakauka ndani ya saa moja ukiifagia maji. Sasa hivi masika ni ya kikapu, kwa wote. Wachezaji wa soka nawaingiza kwenye kile kiwanja cha mita 28 kwa 15, watano kwa watano, mpira wa miguu, marufuku kugusa zaidi ya mara mbili. Sehemu ni ndogo, huwezi kubutua. Kiungo wangu aliyekuwa anageuka polepole kama lori la mchanga alijifunza kuangalia nyuma kabla pasi haijamfikia. Halafu timu ya kikapu inachukua nusu saa yake, si mabaki ya muda, nusu saa yake kamili iliyoandikwa. Ukiwaachia kikapu muda unaobaki, jua litazama hawajagusa mpira.

Pima ringi yako. Ninasema kwa uchungu. Ringi inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka chini. Yetu ilifungwa vizuri na fundi wa kuchomelea, ila baadaye wafadhili fulani wakatumwagia saruji mpya juu ya ile ya zamani, tukashukuru, tukapiga picha. Hakuna aliyewaza kwamba sakafu ikipanda, ringi imeshuka. Tulikwenda wilayani na vijana waliokuwa wanafunga hata wakifumba macho, na mitupo yote ikawa inafia mdomo wa mbele wa ringi, ting, ting, ting. Nilidhani ni woga. Niliporudi nikaazima futi kamba kwa fundi mmoja jirani, nikapanda ngazi: 2.91. Sentimita kumi na nne. Nikamaliza mwaka mzima nikiwaambia watoto wajiamini, kumbe tatizo ni saruji.

Vifaa vingine niseme haraka. Mpira wa kikapu wa wavulana ni saizi 7, wa wasichana saizi 6. Usiwape wasichana saizi 7 kwa kuwa ndio uliopo, mkono haushiki. Mpira ukishapata kipara kwa saruji, ufanye wa mazoezi, mzuri uufiche ofisini. Nyavu za kikapu za dukani huku hazimalizi muhula. Mpe mtu anayejua kufuma, kamba ya manila, utaisahau. Mpira wa soka ukifumuka mpelekee fundi viatu siku hiyo hiyo, kabla tundu halijakua. Na sindano ya pampu ilowanishe kwa mate kabla ya kuichomeka. Sindano kavu inachana vali, na mpira uliochanika vali ni wa kuchezea watoto wa chekechea. Fedha za haya yote? Tangu elimu bila ada ianze 2016, huwezi kuamka tu ukatangaza kila mtoto alete buku la mpira. Michango ina kibali chake na utaratibu wake. Andika mahitaji Januari, bei ya duka iambatishwe, mhasibu wa shule aione kabla bajeti haijafungwa. Ukienda Aprili utaambiwa ukweli, kwamba hakuna.

Kile kidole sasa. Kikapu kinaumiza vidole, na kipa anaishi kwa vidole, ndiyo maana kwangu wawili hao hawawezi kuwa mtu mmoja ndani ya wiki moja. Mtoto akigongwa ncha ya kidole, wenzake watakimbilia kukivuta, "kirudi". Wazuie. Mwekee kitu cha baridi, hata maji ya kandoro ya dukani yaliyofungwa kwenye kitambaa, halafu kifunge pamoja na kidole cha jirani. Kama hawezi kukikunja au kukinyoosha, au kimepinda, ni zahanati, si kesho. Na kila asubuhi ya mashindano nawapanga mstari, wananionyesha mikono kama darasa la kwanza. Wanacheka. Wacheke.

Wasichana wana habari yao, na nilichelewa kuielewa. Tulikuwa na timu ya kikapu ya wasichana nzuri kuliko ya wavulana, ikawa inapungua mmoja mmoja. Nikawa nalaumu mapenzi ya mchezo. Siku moja akaja mama wa mchezaji, akaketi, tukasalimiana kwa kituo, kisha akasema: "Mwalimu, mimi sina ubaya na mpira. Nina ubaya na saa moja usiku." Wavulana walikuwa wanaanza saa kumi jioni, wasichana wanapokea kiwanja saa kumi na moja na nusu, halafu wanatembea kilomita tatu gizani. Nilichofanya ni kugeuza tu: wasichana kwanza, saa tisa na nusu, saa kumi na moja wako njiani, kwa makundi ya mtaa mmoja. Wavulana walinung'unika wiki moja. Timu ikarudi kumi na wawili.

Njaa pia. Mtoto wa kutwa ambaye hakula mchana anakimbia vizuri dakika ishirini za kwanza, na ukiangalia daftari lako la mechi utaona mabao mengi mnafungwa mwishoni. Glukosi ya mapumziko haiokoi tumbo lililokaa tupu tangu asubuhi. Kama shule ina chakula, hakikisha wachezaji wamo kwenye orodha. Kama haina, ongea na mama anayeuza mihogo getini. Wangu hukubali kulipwa mwisho wa wiki.

Jambo moja hawatakuambia kwenye kikao. Timu yako haiendi taifa. UMISSETA ikipita ngazi ya shule, wilaya inachagua kombaini, yaani timu moja ya wachezaji bora wa shule zote, kisha mkoa unachagua yake, na kwa kawaida Juni mikoa ndiyo inayokutana. Tabora ilipopokea fainali mwaka 2022, waliokwenda ni wanafunzi waliochaguliwa kutoka shule mbalimbali, wamevaa jezi za mikoa yao. Maana yake ni kwamba kwa watoto ishirini na kitu kati ya wako thelathini, msimu unakatika ghafla katikati ya Mei, na wenzao wawili watatu wanaingia kambini. Hao walioachwa ndio utakaowahitaji Januari. Mimi nawapangia mechi mbili za kirafiki na shule jirani baada ya mashindano, soka na kikapu siku moja, hakuna kombe. Vidato vya nne tu ndio nawaruhusu waache, wakasome. Mtihani wa moko unakaribia na mwalimu wa taaluma ana haki yake.

Wala usishawishike na mamluki. Utaletewa kijana "anahamia muhula ujao", ana ndevu, anapiga mashuti kama bunduki. Ukikamatwa, inafutwa timu nzima, na watoto halali wanapanda Kosta wanalia kwa kosa lako.

Mwaka uliofuata Mlingoti alikwenda kikapu peke yake. Golini nikamweka mtoto wa kidato cha pili anayemfikia Mlingoti begani, ambaye mwenyewe alikuja kuomba, kandambili miguuni. Mechi ya kwanza alifungwa manne. Ya pili mawili. Ya tatu sijui vizuri, niliambiwa tu baadaye, kwa sababu nilikuwa kiwanja cha pili, na kwa mara ya kwanza nilikaa pale hadi robo ya nne ikaisha.