Jibu: Mtoto anayelia kila jioni, na aiskrimu ya asali isiyohitaji mashine

Dada uliyeuliza, nimesoma maelezo yako mara mbili kabla ya kujibu. Umesema kwamba mwanao wa miaka sita hurudi kutoka shuleni akilia, kwamba humpa kitu kitamu ili atulie, na kwamba jioni inayofuata mambo huanza upya; kisha, mwishoni kabisa, ukauliza kama ni kweli aiskrimu ya asali inaweza kutengenezwa nyumbani bila mashine. Uliandika kana kwamba hayo ni maswali mawili yasiyohusiana. Kwangu mimi yaliwahi kuwa swali moja, kwa hiyo nitayajibu kwa pamoja.

Nianze na machozi. Wengi wetu tumelelewa kwa neno "nyamaza", nasi tunalirithisha bila kufikiri. Kumnyamazisha mtoto ni kushughulikia kelele, ilhali kumbembeleza ni kumshughulikia yeye mwenyewe. Si bure kwamba kubembeleza kunakaa jirani na bembea: unakwenda naye taratibu, mbele na nyuma, mpaka mwili wake uchoke kulia. Pipi hunyamazisha vizuri sana, tena kwa nusu dakika, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu mdomo uliojaa hauelezi kilichotokea.

Binti yangu alikuwa na miaka saba aliporudi siku moja akiwa kimya, akavua viatu, akaketi nyuma ya mlango wa chumba chake na kuanza kulia kile kilio cha mabega, kisicho na sauti. Nilimwuliza kwa nini analia, mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu kidogo kuliko ya awali, naye akazidi kujikunja. Sasa naona kwamba "kwa nini" ni swali zito kwa mtoto mwenye huzuni, maana linamtaka apange hoja wakati ambapo kichwani mwake hamna nafasi ya hoja. Nilipoishiwa maneno nilikaa sakafuni kando yake, bega langu likigusa lake, nikasema tu, "Pole, mama. Naona kuna jambo limekuumiza." Tulikaa hivyo labda dakika kumi, nami nilizihisi kama saa nzima, kwa kuwa si rahisi kwa mzazi kukaa karibu na kilio bila kukifanyia kitu. Pumzi zake zilipoanza kurefuka, nilimwambia kwamba nakwenda jikoni kutengeneza aiskrimu na kwamba nahitaji mtu wa kukoroga. Sikumwambia kwamba akinyamaza atapata. Kwa mtu mzima tofauti hiyo ni ndogo, lakini mtoto huisikia mara moja.

Uzuri wa aiskrimu hii ni kwamba haifai kuwa hongo, kwa sababu haipatikani upesi. Ukianza jioni hii utaila kesho. Mtoto analazimika kuikoroga, kuinusa, kuiacha na kwenda kulala, na huzuni yake inapata usiku mzima wa kupoa pamoja na mchanganyiko.

Vipimo vyangu ni hivi: maziwa mililita 250, krimu nzito ya maziwa mililita 250, viini vinne vya mayai, asali gramu 120, yaani vijiko sita hivi vya chakula, na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Mpe mtoto viini avipige katika bakuli mpaka rangi ififie kidogo, nawe upashe maziwa moto hadi mapovu madogo yaonekane kandokando ya sufuria. Mimina maziwa hayo juu ya viini kidogo kidogo huku yeye akiendelea kupiga, kisha rudisha vyote kwenye moto mdogo na ukoroge kwa mwiko bila kuacha. Hatua hii ni ya mtu mzima. Mchanganyiko huwa tayari unapoufunika mgongo wa mwiko, na ukipitisha kidole hapo mstari unabaki bila kufumba. Mwenye kipimajoto aondoe sufuria motoni kwenye nyuzi 80 hadi 82; ukipita 85 viini vitaanza kuganda kuwa madonge.

Asali huingia mwisho, na hapa niliharibu sufuria nzima mara ya kwanza. Niliichemsha pamoja na maziwa kwa kudhani nakomboa muda, maziwa yakakatika, kwa sababu asali ina uchachu ambao ulimi hauutambui kutokana na utamu wake, na uchachu ukikutana na maziwa ya moto sana matokeo ni mabonge na maji. Isitoshe, moto hufukuza ile harufu ya maua ambayo ndiyo sababu ya kutumia asali badala ya sukari. Kwa hiyo chuja mchanganyiko, uache ufikie uvuguvugu, ndipo utie asali, chumvi na krimu. Funika na uweke kwenye jokofu kwa muda wa saa nne au usiku kucha. Mchanganyiko ulioingia kwenye barafu ukiwa bado na joto huganda polepole, na ukiganda polepole unakuwa na chembe kubwa za barafu zinazokwaruza ulimi.

Usishawishike kuongeza asali, hata mtoto akikusihi. Sukari iliyomo kwenye asali ni glukosi na fruktosi, ambazo molekuli zake ni ndogo kuliko za sukari ya kawaida, kwa hiyo uzito uleule huzuia maji yasigande kwa nguvu inayokaribia maradufu. Ndiyo sababu aiskrimu ya asali huchoteka kwa kijiko moja kwa moja kutoka kwenye friza, na ndiyo sababu ile niliyowahi kuitia gramu 200 ilibaki uji mtamu siku mbili mfululizo.

Kesho yake ndipo kazi ya kufurahisha inapokuja. Chukua mfuko imara wa plastiki wenye zipu, tia kikombe kimoja cha mchanganyiko, toa hewa, ufunge, kisha uutie ndani ya mfuko wa pili kama huo ili chumvi isipenye. Katika mfuko mkubwa zaidi weka kilo moja ya barafu iliyopondwa na gramu 200 za chumvi ya mawe, ingiza ule mdogo katikati, funga na muutikise kwa dakika 10 hadi 15. Chumvi huifanya barafu iyeyuke ikiwa chini ya sifuri, na katika kuyeyuka huko inavuta joto kutoka kwa kilicho karibu. Barafu na chumvi vikichanganywa sawasawa vinaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Baridi hiyo inaunguza ngozi. Zungusha taulo nene kwenye mfuko, au mvalishe mtoto glavu, na usimwachie ashike kwa mikono mitupu hata kwa mzaha. Asiye na barafu ya kutosha amimine mchanganyiko kwenye chombo kipana kisicho na kina, auweke kwenye friza, na kila baada ya dakika 40 aukwangue kandokando na kuupiga kwa uma, mara nne. Inafaa, ingawa haina shangwe.

Sisi tulitikisa. Tulirushiana mfuko uliofungwa taulo kama mpira, tukihesabu, na tulipofika mia mbili na kitu, bila kunitazama, macho yake yakiwa kwenye taulo, alisema, "Mwalimu amebandika picha zote ukutani isipokuwa yangu." Nikaendelea kuhesabu kwa sauti ya chini. "Amesema nimechafua karatasi. Sikuchafua. Ule ni mto mvua ikinyesha." Alikwenda chumbani akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nyingi hivi kwamba ilikuwa na ukubwa wa kiberiti. Tulipoikunjua, mto ulikuwa wa rangi ya udongo, kama ulivyo mto wowote baada ya mvua kubwa.

Nakiri kwamba nilitaka kupiga simu shuleni dakika ileile. Nilijizuia, nikamwuliza angependa picha ikae wapi, naye akasema kwenye mlango wa friza. Na mwalimu nilizungumza siku nyingine, mambo yakaisha kiungwana. Ninachotaka ukione ni kwamba maneno yalitoka siku ya pili, wakati mikono ina kazi na hakuna anayemkodolea macho. Watoto wengi huzungumza hivyo, ubavu kwa ubavu, na mkao huo unaweza kuupata hata kwa kukunja nguo au kuosha vyombo, ikiwa jikoni kwako siku hiyo hakuna krimu.

Umetaja kwamba mwanao ana mdogo wake wa miezi minane. Huyo asionjeshwe hata ncha ya kijiko. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo tumbo la mtoto aliye chini ya miezi 12 haliwezi kuzidhibiti, na wala moto wa jikoni wala baridi ya friza haviziui. Mweke kwenye kiti chake atazame.

Jambo la mwisho kuhusu huyo mkubwa: kama kilio kinaendelea wiki baada ya wiki, hali chakula vizuri, halali usingizi, au anaogopa kurudi shuleni, basi acha sufuria, nenda ukazungumze na mwalimu wake, na umpeleke kwa daktari au mshauri wa watoto. Mtoto anayelia kila siku mahali pamoja huenda anakutana na kitu kilekile kila siku.

Aiskrimu itakayobaki ihifadhi kwenye chombo kilichofunikwa, karatasi ya kuokea ikigusa uso wake ili barafu isijijenge juu, na muimalize ndani ya wiki moja au mbili. Ukikwama kwenye hatua ya viini, andika hapa, nawe uniambie kama mchanganyiko ulifanya madonge au ulibaki mwepesi, kwa sababu tiba zake ni tofauti.