Kutamka "sphygmomanometer" bila kujing'ata ulimi

Ndugu, umeuliza "sphygmomanometer", jina la Kiingereza la kile kipimo cha presha, lina silabi ngapi na linatamkwaje. Ni sita: sphyg-mo-ma-nom-e-ter.

Herufi za mwanzo zisikutishe. "Ph" ni f, na "y" hapo ni i fupi, kwa hiyo anza na "sfig", g ikigota kabla ya "mo". Ulimi wetu umezoea silabi inayoishia na irabu, utataka kuchomeka i na kusema "sifigimo". Uzuie.

Kinachowaangusha wengi zaidi, naona, ni mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana tunasema "manoMIta". Kiingereza, kwa neno hili, huuweka kwenye ya tatu kutoka mwisho: sfig-mo-ma-NOM-i-ta. (R ya mwisho Waingereza wengi huimeza, Wamarekani huitamka.)

Neno lenyewe ni vipande viwili: "sphygmos", yaani mapigo ya mshipa kwa Kigiriki, na "manometer", kifaa cha kupimia shinikizo. Zoea kwanza "manometer" peke yake, ndipo utangulize "sfigmo". Mimi nilianzia mbele, nikawa naishiwa pumzi kwenye "ma".