Jibu: Vifungo vya kutoa na kurudisha

Dada, umeuliza kama vile vifungo vya shaba vinaweza kukaa kwenye koti la mume wako bila kushonwa, ili uvitoe siku ya kufua. Vinaweza. Makoti meupe ya wapishi yamefungwa hivyo toka zamani, sababu nguo inachemshwa na kifungo hakivumilii.

Angalia mgongo wa kifungo. Chenye matundu manne usoni hakifai. Tafuta chenye kishikio nyuma, kile kipete kidogo. Pale ambapo kifungo kingeshonwa, toboa tundu dogo, kishikio tu kipite, halafu lizungushie uzi kwa mkono, mishono ibanane kama meno ya kitana. Pitisha kishikio, kisha kwa ndani tia pete ya waya ya kujizungusha, kama ya funguo lakini ndogo. Pini ya kawaida usitie! Mimi hapa Kadutu, mjini Bukavu, niliwahi kumtilia mteja pini. Akarudi Jumapili baada ya misa, kifua kimechanjwa, sikuwa na la kusema.

Vikiwa vingi, pete zitakuchosha. Mimi napenda zaidi utepe: vifungo vyote vishonwe kwenye utepe mmoja mnene, na koti liwe na matundu pande zote mbili. Siku ya kufua unavuta utepe, vyote vinatoka pamoja. Ila pima umbali vizuri, ukikosea sentimita moja koti linakunjamana tumboni. Na kama kitambaa ni chepesi, kitie kingine kigumu kwa ndani, shaba ni nzito.