2F ya mzee haipandi Newala: kabureta kubwa au dizeli?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Land Cruiser pikapu, FJ45, injini 2F ya petroli, silinda sita. Kwenye tambarare inakwenda vizuri, lakini nikitoka Masasi na magunia ya korosho, nikianza kupanda Newala inakata pumzi mpaka namba moja. Nimeshaifunga tairi za inchi 35. Wenzangu wananishauri niweke kabureta kubwa na ekzosi ya mabomba sita. Wengine wanasema niitoe injini niweke 1HZ ya dizeli. Nianze na lipi? (Msomaji, Newala)

JIBU: Marahaba kijana wangu, Mungu amrehemu mzee. Tuanze na hizo tairi, maana hapo umejikaba mwenyewe. Gari hiyo ilikuwa ikivaa 7.50-16, kimo chake kama sentimita 80. Inchi 35 ni sentimita 89. Kila gia yako imerefuka kwa asilimia kumi hivi, na mvuto unaofika barabarani umepungua karibu kiasi hichohicho. Rudisha tairi za zamani kabla hujagusa injini. Njia nyingine ni kubadilisha meno ya difu, ila sharti uzibadilishe zote mbili, mbele na nyuma, na bei yake si ya mchezo.

2F ni injini ya sentimita za ujazo 4,230. Kiwandani ilihesabiwa nguvu za farasi 135 kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, na mvuto wake mkubwa unapatikana chini kabisa, hata 2,000 haijafika. Imeumbwa kubeba, si kukimbia. Fanya hesabu: kwenye mizunguko 3,600 inavuta hewa isiyozidi lita 7,600 kwa dakika, tena hapo ni kama kila silinda imejaa pomoni, jambo ambalo halitokei. Kabureta yake ya asili inaimudu hewa hiyo. Ukifunga yenye koo pana, hewa inapita polepole injini ikiwa chini, petroli haichanganyiki sawasawa, na mlima unaupandia hukohuko chini. Utapata mngurumo na bili ya mafuta.

Kwa hiyo kwanza tafuta farasi waliopotea. Chomoa plagi zote, kanyaga moto mpaka chini, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Karibu psi 150 ni injini nzima. Ikishuka chini ya 115, au silinda moja ikiachana na nyingine kwa zaidi ya 14, kuna kazi. Tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, shaka iko kwenye valvu, au gasketi ya hedi kama silinda dhaifu ni mbili zilizopakana.

Valvu za injini hizi huuawa na watu wasiopenda kelele. Mwenye gari analalamika tapeti zinagonga, fundi anazikaza mpaka kimya, na baada ya muda valvu ya ekzosi haifungi vizuri, inaungua. Vipimo vya mwanya wa tapeti ni milimita 0.20 upande wa kuingizia na 0.35 upande wa ekzosi, injini ikiwa ya moto. Ikigonga kidogo, iache igonge.

Halafu taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Zamani mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko petroli, uchakachuaji ulikuwa mwingi, injini zikawa zinagonga kwenye mlima, na mafundi wakarudisha taiming nyuma ili zinyamaze. Magari mengi ya umri wa lako yamebaki hivyohivyo. Chungulia kwenye tundu la kasha la flaiwili: kuna mstari, na kuna kigololi kidogo. Kigololi ndicho nyuzi 7 kabla pistoni haijafika ncha ya juu. Chomoa mpira wa vakyumu wa distributa, uuzibe, acha injini ingurume bila kukanyaga moto, kwenye mizunguko 650, piga taa ya taiming. Kama kigololi hakionekani kabisa, umeshampata mwizi mmoja. Na petroli ya chupa za kando ya barabara usinunue.

Sasa jambo ambalo pwani yetu hii wengi hawalikagui. Kwenye 2F, manifoldi ya hewa imekaa juu ya ile ya ekzosi, upande mmoja. Kati yake kuna kipepeo chenye springi na uzito kwa nje, kazi yake kupeleka moshi wa moto chini ya kabureta wakati wa baridi. Kwetu hata Julai baridi hiyo haipo. Kipepeo kikipata kutu kikaganda, kinaichoma kabureta siku nzima: hewa inapanuka, inaingia pungufu, na petroli inachemka ndani ya bakuli. Msimu wa korosho unaanza Oktoba, joto linaanza kukaza, na wewe ndipo unabeba. Injini ikiwa imepoa, kizungushe kwa mkono. Kikigoma, kilainishe, ukifunge upande wa kupitisha moshi moja kwa moja. Hapohapo kagua gasketi ya manifoldi, hupenda kupumua.

Toa pia filta, mtu akanyage moto mpaka chini, wewe chungulia kabureta: kipepeo cha koo la kwanza kisimame wima. Nimekuta mazulia yamekula robo ya pedali.

Ekzosi ya mabomba sita iache. Faida yake iko juu kwenye mizunguko usiyoitumia. Badilisha bomba na sailensa iliyobomoka ndani, inchi 2 na robo inatosha. Ukifungua hedi kwa ajili ya valvu, unaweza kuisaga uso kwa milimita moja. Uwiano wa mgandamizo unatoka 7.8 kufika karibu 8.2. Ni nyongeza ndogo, usiifungulie hedi kwa hiyo tu.

Hiyo 1HZ unayoambiwa ina farasi wapatao 130, yaani wale wale. Itakupunguzia mafuta, na kama unabeba kila siku hesabu inaweza kulipa, lakini mlima utaupanda kwa mwendo uleule. Na kumbuka Newala ipo zaidi ya mita 700 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja kila mita 100, hata ikiwa mpya.

Ukishapima kompresheni, nitumie namba zote sita, za kavu na za oili, ukianzia silinda ya mbele.