Jibu: Setilaiti na joto la kilindini

Ndugu, uliuliza kama setilaiti hupima joto la bahari mpaka kilindini. Hazipimi, kwa kuwa mionzi inayozifikia hutoka kwenye utando mwembamba wa juu ya maji. Kazi hiyo hufanywa na maboya ya mpango wa Argo, yapatayo 4,000, ambayo husukumwa na mikondo kwenye kina cha mita 1,000, na kila baada ya siku 10 hivi huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda yakipima joto, chumvi na kanieneo, na yakifika juu hutuma vipimo kwa setilaiti. Boya halina pangaboi. Hupanda kwa kusukuma mafuta kwenye mfuko wa nje, likaongeza ujazo bila kuongeza uzito. Udhaifu mkubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mengi huishia hapo mita 2,000, ilhali wastani wa kina cha bahari hukaribia mita 3,700.