Barua kwa mwanangu: hiyo 0x04034b50

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma jana jioni umeme uliporudi. Unauliza kama uufute ule mstari kwenye programu ya zamani uliyoikuta kazini, unaolinganisha mwanzo wa faili na namba 0x04034b50 bila neno hata moja la maelezo, halafu programu iwe inaangalia tu herufi za mwisho wa jina.

Namba yenyewe si mazingaombwe, ingawa ndivyo tulivyozoea kuziita. Kompyuta za kawaida huzisoma baiti nne, yaani vipande vinne vidogo vya data, kama namba moja kwa kuanzia nyuma, kwa hiyo igeuze: 50 4B 03 04. Mbili za kwanza ni herufi P na K, Phil Katz, aliyebuni zip, ule mtindo wa kubana faili. Mwandishi wa mstari ule alikuwa akichungulia ndani kabla ya kuliamini jina. Unayakumbuka madebe ya bibi yako, nje yameandikwa mafuta ya kula, ndani uwele? Debe hufunguliwa kwanza.

Mimi sikulifungua. Ni mwaka ule tulipohamia Nkuhungu, hapa Dodoma, wakati naingiza takwimu kwenye chama cha wakulima wa zabibu. Diski ilikuwa imejaa. Nikakuta faili 41, majina yake tarakimu tupu, hazina herufi za mwisho. Nikaziona takataka, nikazifuta zote, tena kwa furaha ya mtu aliyefagia uwanja.

Baadaye fundi akapata nakala ya moja kwenye disketi, akanionyesha mwanzo wake: 03 63 08 1B. Hiyo 03 ni alama ya dBASE III, programu ya zamani ya kutunza kumbukumbu. Tatu zinazofuata ni tarehe ambayo faili iliandikwa mara ya mwisho, ukizigeuza kutoka hesabu ya kumi na sita: mwaka 99, mwezi wa 8, siku ya 27. Mwezi wa 8, mwanangu! Mavuno! Zilikuwa kilo za mizani, za kila mkulima. Baiti nne tu, na zilikuwa zinanitazama.

Yule mzee wa Hombolo uliyenisikia nikimtaja kwa baba yako ndiye aliyekuja na baiskeli kuulizia kilo zake. Risiti zake zililiwa na mchwa. Nikamwambia kumbukumbu hazipo. Hakugomba. Alisema "haya, mama", akavaa kofia yake akaondoka. Angenitukana ningepumua.

Kwa hiyo nasema tena, debe hufunguliwa kwanza. Ila nisikudanganye: 03 ni baiti moja tu, na faili yoyote inaweza kuanza nayo kwa bahati. Ningeiona siku ile, ningeijua? Labda ile tarehe ingenishtua, labda isingenishtua. Na hiyo PK yako, .docx, .xlsx na .jar zote huanza hivyo hivyo, maana ndani ni zip. Unafungua debe unakuta unga, hujui ni wa mtama au wa uwele, inabidi uingize mkono zaidi. Waliobuni PNG, aina ya faili za picha, walilifikiria hili vizuri zaidi. Waliweka baiti nane: ya kwanza ni 89, iliyo nje ya herufi za kawaida, na katikati wakatia 0D 0A, alama za mwisho wa mstari, ili faili ikipitishwa na chombo kinachochezea mwisho wa mistari, uharibifu uonekane pale pale mlangoni.

Sasa, uufute? Jibu nimeliandika mara mbili nikalikata kwa wino, unaona mwenyewe. Programu iko mikononi mwako, na mimi nimeuona mstari mmoja tu. Lakini kabla hujaugusa, zitafute faili kumi kongwe kuliko zote hapo ofisini, hasa zile ambazo majina yake hayaeleweki. Soma baiti nne za mwanzo za kila moja, kisha unipigie uniambie umekuta nini. Hata kama ni usiku.

Mama